Ile "s" ya kwenye kitenzi cha Kiingereza si ya wingi, yakhe

Juzi Forodhani nimemsikia papasi mmoja, hawa vijana wanaotembeza watalii, anasema "tourists comes", nikacheka kimoyomoyo maana hata mi skuli n'lidhani hivohivo, kwamba jina likishakuwa la wingi na ile s inahamia mpaka kwenye kitenzi. Sisi tumezoea watalii wanakuja, wa huku wa kule, wingi pande zote mbili. Kiingereza sivo! S ya kitenzi cha wakati uliopo ni ya yule mmoja, "a tourist comes", wakizidi inaondoka, "tourists come". "I" na "you" wao hawaipati kabisa, usiniulize kwa nini. Halafu kuna "news", ina s mwishoni lakini umoja, "the news is good", na "people" haina s na ni wengi, "people are".