"Exist" si "kusimama nje"

Kuna maelezo yanayorudiwa sana: eti neno la Kiingereza exist ("kuwepo") kwa asili lilimaanisha "kusimama nje", hivyo kila kilichopo kimejitenga na chanzo chake. Wengine husonga mbele zaidi, wakasema neno hilo halimfai Mungu.

Vipande vyenyewe ni vya kweli. Kilatini kilikuwa na exsistere: ex ni "kutoka", sistere ni "kusimama" au "kusimamisha". Tatizo ni kujumlisha vipande bila kuangalia Waroma walivyokitumia kitenzi kizima. Kwao kilikuwa kuzuka, kuchomoza, kujitokeza. Cicero, mwandishi wa Kiroma, katika kitabu chake kuhusu urafiki, anasema hapa linazuka swali gumu kidogo, na kitenzi ni hichohicho. Swali hilo halijasimama nje ya chochote, limeibuka tu. Na kilichokwisha kuibuka, kipo. Maana ikahama taratibu namna hiyo.

Kiingereza kilipata kwanza nomino, existence, katika karne ya 14 kupitia Kifaransa. Kitenzi kilifuata mnamo 1600.

Heidegger, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliligawa neno hilo, katika umbo lake la Kijerumani, kwa kistari makusudi, akisisitiza "nje". Ni falsafa yake, na ina utamu wake, ila si historia ya neno.