Kuchanganua baiti kidogo kidogo: maana yake nini?

Ukipita Chanika au Mbagala, Dar es Salaam, utaona nyumba zinazopanda kwa awamu. Tofali zikija, fundi anajenga. Zikiisha, anasubiri tripu nyingine, halafu anaendelea na kozi ileile aliyoishia. Habomoi ili aanze upya. Kichanganuzi cha baiti kidogo kidogo, yaani programu inayosoma baiti kadiri zinavyofika na kutoa maana yake, nacho kiko hivyo.

Chukua picha ya PNG. Baada ya baiti 8 za utambulisho, faili imegawanyika vipande vipande, na kila kipande kinaanza na baiti 4 zinazotaja urefu wa data yake. Picha ikisafiri mtandaoni kwa TCP (utaratibu wa kompyuta kutumiana data kama mkondo wa baiti), hakuna aliyekuahidi kwamba baiti hizo 4 zitafika pamoja. Utapata 2 sasa, 2 baadaye, hasa mtandao ukichechemea. Kichanganuzi kisichojua kusubiri kitasema faili ni bovu, au kitataka yote ijae kwanza kwenye kumbukumbu.

Kwenye lugha ya programu ya Haskell, maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumika) iitwayo binary hutoa majibu ya aina tatu. Done: nimemaliza, thamani hii hapa, na baiti zilizobaki hizi (usizitupe, huenda ndizo mwanzo wa ujumbe unaofuata). Fail: data ina kasoro. Utamu uko kwenye Partial: baiti zimeniishia, shika funksheni hii (kipande cha programu kinachopokea kitu na kurudisha jibu), ukipata baiti nyingine ipe. Yaani kazi yote iliyobaki imefungwa ndani ya funksheni, na kwenye lugha hii funksheni ni thamani kama namba. Unaiweka, unampa mwingine, hata unaiita mara mbili kwa baiti tofauti. Hapo fundi wetu hawezi kufuata.

Kichanganuzi chenyewe hakigusi soketi (mlango wa programu kwenda mtandaoni) wala faili. Anayekiita ndiye anajua baiti zinatoka wapi. Kukijaribu ni rahisi: kata data kila mahali panapokatika, uone kama jibu ni lilelile.

Panapomsumbua mbunifu ni kutofautisha "bado" na "zimekwisha". Kwenye binary, mwisho unatangazwa waziwazi kwa kuipa funksheni ile Nothing, thamani ya Haskell yenye maana ya "hakuna kitu". Maktaba nyingine ya Haskell, attoparsec, huchukulia kipande kitupu kuwa ndio mwisho. Mimi niko upande wa binary: kipande kitupu huponyoka kirahisi katikati ya safari, na kichanganuzi kikadhani mzigo umeisha ilhali nusu bado iko njiani.