Mbaazi za ghalani na bakuli la mtoto

Kila ninapofanya kazi ya lishe katika vijiji vya Lindi na Mtwara msimu wa mavuno, huumizwa na jambo lile lile: magunia ya mbaazi yameegemezwa ukutani yakimsubiri mnunuzi, na hatua chache kutoka hapo mtoto wa miaka miwili anakunywa uji mtupu wa mahindi. Tumbo lake limejaa, ila ana njaa isiyoonekana mpaka apimwe urefu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya kuhara na lishe duni ya mama mjamzito, lakini hii ya upungufu wa protini inaniuma zaidi kwa kuwa dawa yake imelala ndani ya nyumba.

Mwili hujenga protini kwa kuunganisha asidi amino, na ikipungua moja tu iliyo ya lazima, ujenzi hukwama hata kama nyingine zimejaa tele. Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino hizo za lazima. Mbaazi zina laisini nyingi, lakini methionini, asidi amino nyingine ya lazima, ni kidogo ndani yake, nayo mahindi huifidia. Ndiyo maana makande, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na mbaazi au maharage, ambayo wengi huyaona ni chakula cha shida, kwa macho yangu ni mlo uliopangwa kwa akili sana. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina protini gramu 11 hivi, na mtoto wa umri huo anahitaji takriban gramu 13 kwa siku.

Mapishi nayo yana uzito wake. Wengi hutia magadi ili ziive upesi, nami naielewa adha ya kuni, lakini magadi huharibu vitamini B1. Heri zilowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, zichemshwe hadi zipondeke kwa vidole, kisha zitiwe tui la nazi. Za mtoto mdogo zichujwe maganda. Tone la ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Vitamini B12 haimo katika mbaazi, kwa hiyo dagaa au yai lisikosekane kabisa.

Mama mmoja aliniambia, “Hizo ni ada za shule, daktari.” Sikumbishia, kwani ada ni lazima, ingawa sote tunakumbuka mwaka 2017, India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi na bei ikaporomoka. Tulikaa chini tukapiga hesabu pamoja: nusu kikombe kwa siku hutokana na gramu 35 hivi za mbaazi kavu, yaani kilo 13 kwa mwaka mzima, pungufu ya debe moja. Aliyatazama magunia yake, akaingia ndani kutafuta ndoo yenye kifuniko.