Filamu ya Zamani Ikisafishwa: Kinachorudi na Kinachoongezwa

Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuunganishwa upya hapa. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la meli ya kivita katika The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951. Mkazi wa Kigoma akiitafuta filamu hiyo leo atakutana na sura mbili: ile iliyofifia ya kanda za video, na ile angavu iliyosafishwa na kutolewa mwaka 2010. Ipi ni ya kweli?

Ili kujibu, lazima tutenganishe kazi mbili ambazo hutajwa kwa jina moja. Kuna kuondoa uharibifu, na kuna kupanga rangi upya. Uharibifu unaweza kupimwa. Rangi huamuliwa na mtu aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta, na hapo ndipo mengi huharibika.

Filamu hiyo ilipigwa kwa mfumo wa Technicolor wa mikanda mitatu. Nyuma ya lenzi, prizimu iligawa mwanga kwenda kwenye mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe: mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Rangi zenyewe zilikuja wakati wa kuchapa nakala za sinema, wino mmoja baada ya mwingine, kama kitenge kinavyochapwa. Kadiri miaka inavyopita kila mkanda husinyaa kwa kiasi chake, na zikiunganishwa picha tatu hazilaliani sawasawa. Ukingo wa uso au kofia huota mstari mwekundu au wa kijani. Zamani haikuwezekana kunyoosha sehemu moja tu ya picha. Kompyuta huweza, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya filamu. Kwa dakika 105, fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu 151,200, na kwa mikanda mitatu ni picha 453,600.

Kabla ya hapo mafundi hurekebisha viungo vilivyoachia na matundu ya pembeni yaliyochanika, husafisha mkanda, kisha huuskani. Skana nyingine huupitisha ndani ya kimiminika kinachopinda mwanga karibu sawa na plastiki ya mkanda. Kimiminika hujaa kwenye mikwaruzo ya upande wa plastiki, nayo haionekani tena. Mkwaruzo uliofika kwenye tabaka la picha haufutiki hivyo. Hujazwa kwa kompyuta.

Vumbi huondolewa na programu inayolinganisha fremu moja na ya kabla na ya baada yake: kitu kilichoonekana mara moja tu huhesabiwa uchafu. Fundi akiiachia programu peke yake, matone ya mvua, cheche za moto na maji yanayoruka kwenye ubavu wa mtumbwi hufutwa pia. Kosa jingine ni kuondoa chembechembe ndogo zinazoonekana kwenye picha ya mkanda. Chembe hizo si uchafu, ndizo picha yenyewe. Zikilainishwa kupita kiasi, ngozi huwa kama nta, vinyweleo na mikunjo hupotea, na hakuna kitufe cha kuvirudisha.

Sasa rangi. Negativu, yaani mkanda uliopita ndani ya kamera, haina rangi ya mwisho. Nakala ya sinema ilichapwa kwa viwango vya mwanga vilivyochaguliwa kwa kila tukio, kisha ikaoneshwa kwa taa ya aina fulani. Negativu pia imehifadhi undani wa vivuli kuliko nakala hiyo, kwa hiyo skani mpya inaweza kufichua waya au kingo za vipodozi ambazo watazamaji wa kwanza hawakuziona kamwe. Mfano mzuri ni usiku wa kuigiza: tukio lilipigwa mchana, likatiwa giza na ubuluu wakati wa kuchapa. Mpanga rangi asiyelijua hilo huling'arisha, na usiku ukawa adhuhuri. Dawa ni kuwa na nakala ya zamani iliyotunzwa vizuri pembeni kama rejea. Hata rejea ina mitego. Nakala za Eastmancolor, mfumo uliotoka mwaka 1950, hupoteza rangi ya sayani (buluu-kijani) mapema, hasa kwenye joto na unyevu, na filamu nzima huwa ya waridi. Anayekumbuka filamu za zamani zikiwa nyekundu huenda anakumbuka nakala iliyozeeka.

Kuwapo kwa mwongozaji si dhamana. Mwaka 2009 William Friedkin alitoa The French Connection kwa rangi mpya kabisa, na mpiga picha wake, Owen Roizman, akaipinga hadharani. Baadaye ilitolewa tena ikiwa karibu zaidi na sura ya mwaka 1971. Msanii ana haki ya kubadili kazi yake, lakini sura ya kwanza nayo inapaswa kubaki ikipatikana.

Ukitaka kupima nyumbani au kwenye kibanda cha video, tazama vitu vyeupe: shati, wingu, meno. Vikielekea kijani-buluu katika kila tukio huku nyuso zikiwa za chungwa, huo ni mtindo ulioenea baada ya upangaji rangi kuhamia kwenye kompyuta miaka ya 2000. Ngozi nyeusi huumia mapema: wekundu wake wa ndani hupotea, watu wanaotofautiana weusi wakafanana. Lakini kwanza rekebisha runinga yenyewe. Chagua modi ya filamu badala ya ile ya rangi kali, punguza ukali wa picha, na zima ulainishaji wa mwendo, kwa sababu hutunga fremu ambazo kamera haikuzipiga. Sinema ilikusudiwa ukumbi wa giza, wenye mwanga wa pazia wa takriban niti 48 tu (niti ni kipimo cha mwangaza). Runinga nyingi hupita hapo mara kadhaa, kwa hiyo shusha pia mwanga na utazame baada ya magharibi, taa ya sebuleni ikiwa imezimwa.