Tazama ni nani anayebanwa mabega: chipukizi na wakongwe katika mieleka ya wanawake Japani

Mtu aliyezoea mieleka ya Marekani akianza kufuatilia ya wanawake wa Japani, lalamiko lake la kwanza huwa lile lile: mbona hawa wasichana wapya hawashindi kamwe? Wanaingia ulingoni na nguo ya kuogelea isiyo na nakshi, wanapiga kelele, wanajitupa kwa moyo wote, halafu mabega chini, moja, mbili, tatu. Wiki inayofuata, yale yale. Naletewa swali hili mara nyingi, hasa na watu waliowafahamu Asuka, Kairi Sane na Iyo Sky kupitia kampuni ya Marekani ya WWE na sasa wanataka kuona walikotoka. Jibu langu ni kwamba wanatazama mahali pasipo. Kwenye mapambano ya wawili kwa wawili, usiulize timu gani imeshinda. Uliza ni nani aliyebanwa mabega, na aliyembana ni nani.

Ulingoni wanaingia watu wanne, lakini pambano linaisha kwa mtu mmoja tu: yule aliyelazwa mwamuzi akahesabu hadi tatu, au aliyesalimu amri kwa maumivu. Mwenzake amepoteza kwenye karatasi, lakini yeye binafsi hakuguswa. Hapo ndipo promota anapopata nafasi ya kusema mambo ambayo pambano la mmoja kwa mmoja haliwezi kuyasema. Nyota anaweza kutoka ulingoni bila mkanda wa ubingwa na heshima yake ikabaki nzima, kwa sababu aliyelala ni mshirika wake mdogo. Chipukizi naye anaweza kuwa katika timu iliyoishinda timu ya bingwa bila kudai kwamba amemzidi bingwa. Ndiyo maana Wajapani wanapoandika matokeo hawaishii kwenye majina ya washindi. Wanaandika fulani alimmaliza fulani, kwa mbinu gani, baada ya dakika na sekunde ngapi. Mashabiki wa kule husoma mistari hiyo kwa makini sana. Matokeo yanapangwa, kila mtu anajua, na kwa sababu yanapangwa yana maana: kuna mtu ameketi akaamua kwamba leo huyu binti ameiva.

Kuiva kwenyewe huja polepole mno. Mwanzoni chipukizi hupewa mbinu chache za msingi: pigo la kiwiko, teke la kuruka kwa miguu miwili, kumbeba mpinzani na kumbwaga kwa mgongo, na ule mkabo wa kumgeuza mtu kifudifudi ukamvuta miguu nyuma hadi kiuno kikalia. Basi. Mbinu ya mkubwa wake haigusi bila ruhusa. Kabla ya pambano lake amekwishasaidia kufunga kamba za ulingo, na baada yake atasimama pembeni mapambano ya wengine yakiendelea. Tazama mwanzoni mwa pambano kuu, mashabiki wanaporusha zile tepe za karatasi za rangi wakati jina la nyota linatajwa. Wasichana waliovaa tracksuti wanaokimbilia ulingoni kuzikusanya mikononi, haraka haraka kabla kengele haijalia, ndio hao hao waliopigana pambano la kwanza.

Kwa hiyo chipukizi wawili wanapopangiwa wakongwe wawili, kuna vitu vitatu navitazama kabla ya kitu kingine. Anajinasuaje? Msichana aliyefunzwa vizuri haishii kuinua bega moja. Anajipinda daraja, kisogo na nyayo chini na tumbo juu, akimwinua mpinzani aliyemlalia. Katika dakika ya kumi na tano, shingo ikitetemeka, daraja hilo ndilo linaloinua ukumbi mzima. Pili, mwenzake anawahi kuja kumwokoa? Wakongwe huokoana kwa mahesabu, hatua tatu na teke moja. Chipukizi huruka kama aliyeona mtoto anatumbukia kisimani, na mara nyingine anachelewa. Tatu, mkongwe ametumia nini kummaliza? Kama mwezi uliopita alimmaliza kwa mbinu ya kawaida na leo amelazimika kutumia ile kubwa anayoitunza kwa mapambano ya ubingwa, basi binti amepanda daraja hata kama ameshindwa tena.

Mfumo huu ulikomaa ndani ya All Japan Women's, kampuni ya ndugu wa Matsunaga iliyoanza mwaka 1968 na kufungwa 2005. Mashabiki huiita Zenjo. Ukitaka kuelewa ukongwe ulikuwa na maana gani pale, shika jambo moja: wanamieleka walitarajiwa kustaafu wakifika miaka 25 au 26. Chigusa Nagayo aliaga Mei 1989 akiwa na miaka 24, naye wakati huo alikuwa mkongwe wa wakongwe. Pengo kati ya chipukizi na mkubwa wake mara nyingi lilikuwa la miaka michache tu, lakini walilala bweni moja, wakasafiri basi moja, na mdogo akafua nguo za mkubwa. Isitoshe, mapambano ya wadogo yalikuwa na desturi ya kuamuliwa kwa kweli mwishoni, bila kupangwa: yeyote aliyeweza kumgandamiza mwenzake hadi tatu ndiye aliyeshinda. Pambano la chipukizi dhidi ya wakubwa katika mazingira hayo lilibeba uchungu wa bwenini, na watu waliuona.

Nagayo na Lioness Asuka (si yule Asuka wa WWE) walianza wote mwaka 1980, na kwa muda walikuwa hawajavuma. Januari 1983 walipangwa kupigana wao kwa wao, wakaamua kupigana kwa mateke na nguvu walivyotaka wenyewe. Pambano hilo lilizaa timu ya Crush Gals. Tarehe 25 Agosti 1984 waliwanyang'anya Jumbo Hori na Yukari Omori, timu iliyoitwa Dynamite Girls, mikanda ya WWWA ya wawili, yaani ubingwa mkuu wa Zenjo wa timu. Hori na Omori walikuwa wakubwa kwa umbo. Crush Gals walikuwa na kasi, na kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi bila kugeuka. Baada ya hapo kumbi zilijaa wasichana wa shule, na maelfu yao wakaomba kuingia kambi ya mafunzo.

Aliyenifanya niipende aina hii ya mieleka ni Hisako Uno. Alianza 1985, na Aprili 1987 yeye na Yumiko Hotta, vijana wawili wenye uzoefu usiofika miaka miwili, walikuwa wameshika mikanda ile ile ya WWWA. Tarehe 27 mwezi huo waliitetea dhidi ya Yumi Ogura na Kazue Nagahori, waliowatangulia kuingia kambini. Pambano lilikuwa la raundi tatu, anayetwaa mbili ndiye mshindi. Katika ya kwanza, Uno aligeuzwa kichwa chini na kukitwa turubaini kutoka kamba ya pili. Shingo ikavunjika. Alikuwa na miaka 19. Hakutoka. Aliendelea na raundi zilizobaki, na kuna nyakati anaonekana amekishika kichwa chake kwa mikono miwili ili kikae mahali pake. Mikanda waliipoteza.

Sipendi watu wanaposimulia kisa hicho kama sifa tupu. Ilikuwa hatari ambayo hakuna kocha mwenye akili angeiruhusu leo, na mwamuzi alipaswa kusimamisha pambano. Lakini kinaonyesha mzigo wa kuwa chipukizi mwenye mkanda mbele ya wakubwa: kutoka ulingoni kungesomwa kama uthibitisho kwamba hukustahili. Baadaye Uno alirudi, akabadili jina, na dunia ikamjua kama Akira Hokuto.

Siku Nagayo anaaga, Mei 6, 1989 katika Yokohama Arena, kulikuwa na pambano la chipukizi wanne: Manami Toyota na Mima Shimoda dhidi ya Toshiyo Yamada na Etsuko Mita. Watu walikuja kulia kwa ajili ya Nagayo, wakaondoka wakiwazungumzia watoto hawa.

Kisa cha Aja Kong na Bison Kimura ni kirefu zaidi, na ndicho ninachokitumia nikitaka mtu aone kazi ya timu ya wawili kama ngazi. Aja alianza 1986 na kwa muda alikuwa chini ya Bull Nakano, jitu la kutisha lenye nywele zilizosimama wima. Akajitenga, akaunda timu na Bison, wakamgeukia Bull. Januari 1991 wakakutana naye kwa sharti kwamba watakaoshindwa wananyolewa kipara. Bull hakumchukua mkongwe mwenzake. Alisimama na Kyoko Inoue, aliyeanza mieleka baada ya Aja na Bison wote. Angalia hesabu hiyo vizuri. Wakubwa wa upande wa pili wangeweza kummaliza Kyoko wakati wowote, na Bull angebaki mzima. Badala yake Aja na Bison walishindwa, wakanyolewa mbele ya watu. Kyoko alitoka pale akiwa na hadhi ambayo pambano la peke yake lisingempa. Aja naye alisubiri hadi Novemba 1992 ndipo akamvua Bull ubingwa wa WWWA wa mmoja mmoja, ambao Bull aliushika karibu miaka mitatu.

Sheria ya kustaafu mapema ilipokufa, pengo likapanuka. Nagayo mwenyewe alirudi na kuanzisha kampuni ya GAEA Japan, na katika onyesho la kwanza, Aprili 15, 1995, wakapanda ulingoni wasichana aliowafunza yeye, mmoja wao Meiko Satomura aliyekuwa na miaka 15. Satomura amestaafu Aprili 29, 2025, baada ya miaka thelathini. Aja Kong bado anapigana na wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa alipomshinda Bull. Mbele ya mtu wa namna hiyo, chipukizi wa miaka kumi na minane hana mbinu wala uzito wa kumwangusha peke yake, na mtazamaji hataamini akiona. Ndiyo sababu kampuni za sasa humweka kwanza kwenye timu, zimfiche nyuma ya mshirika, halafu zimfichue kidogo kidogo.

Mfano safi wa zama hizi ni Mayu Iwatani, aliyekuwa na kampuni ya Stardom hadi 2025. Alianza katika onyesho la kwanza kabisa la kampuni hiyo, Januari 23, 2011, katika ukumbi mdogo wa Shin-Kiba, akashindwa na Arisa Hoshiki, kisha akaendelea kushindwa hadi ikawa ndiyo sifa yake. Mwili mwembamba, moyo mkubwa, mabega chini. Kisha akaungana na Io Shirai, huyu mnayemwita Iyo Sky, katika timu ya Thunder Rock. Io alikuwa amemtangulia kwa miaka kadhaa na alifanya kila kitu kwa usafi wa kutisha, hivyo wapinzani walijua wa kumwandama ni nani. Mkitazama mapambano yao kwa mfuatano, msiangalie angani anakoruka Io. Mwangalieni Mayu anapookolewa, kisha anapoanza kujinasua mwenyewe, kisha anapokuwa yeye ndiye anayekuja kuokoa. Timu ilivunjika kwa usaliti wa Io. Juni 2017 Mayu akamvua Io ubingwa wa World of Stardom, na Aprili 2023, tena Yokohama Arena, akamshinda Mmarekani Mercedes Moné na kutwaa mkanda wa IWGP wa wanawake, ubingwa wa kampuni ya New Japan.

Anayetaka kuanza, aanze na ile mechi ya chipukizi wanne ya 1989, kisha awafuate Toyota na Yamada, waliokuwa wapinzani siku ile, hadi wanapokuwa timu moja na kukutana mara tatu na Dynamite Kansai na Mayumi Ozaki wa JWP, kampuni nyingine ya mieleka ya wanawake: Novemba 1992, Aprili 1993 na Desemba 1993. Katika pambano la kati wageni wa JWP waliondoka na mikanda ya WWWA. Desemba, katika ukumbi wa Ryogoku, ikarudi. Andika pembeni kila anayebanwa mabega, na nani amembana.