Kuongeza nguvu ya leza hakuleti wimbi fupi zaidi

"Ongezeni nguvu, tupate mwanga wa wimbi fupi zaidi." Ombi hili halikosi kila anapokuja mtumiaji mpya wa leza ya femtosekunde (leza ya mipigo mifupi mno), na hakuna dhana inayokula saa nyingi za majaribio kama hii.

Harmoniki ni mwanga wa mawimbi mafupi unaozaliwa leza kali inapopita kwenye gesi, na ukomo wake ni nishati ya juu kabisa unayofikia; nishati ikiwa kubwa, wimbi ni fupi. Ukali wa leza unapanua ukomo huo, hilo ni kweli. Ukomo ni nishati ya kung'oa elektroni kwenye gesi, jumlisha mara 3.17 ya nishati ya mtikiso wa elektroni ndani ya leza. Kwa gesi ya agoni (kung'oa elektroni yake ni 15.8 eV; eV ni kipimo cha nishati), leza ya nanomita 800 na ukali wa wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba, mtikiso ni karibu 6 eV. Ukomo unafika 35 eV, yaani nanomita 36 hivi.

Ukizidi kupandisha ukali, agoni inageuka plazima, yaani gesi ambayo atomi zake zimeng'olewa elektroni. Asilimia chache tu za atomi zikishapoteza elektroni, leza na harmoniki zinapishana awamu (mawimbi yake hayaendi tena pamoja), na mwanga uliozaliwa mwanzo wa gesi unauliwa na uliozaliwa mwisho. Mwali nao unatawanyika kabla ya kufika fokasi, mahali unapokusanywa na lenzi. Utaiona mistari ya spektromita (kifaa kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa wimbi) ikinenepa, ikihamia upande wa buluu, kisha ikififia.

Basi acha nguvu ilivyo! Funga irisi (tundu linalofinywa au kupanuliwa) iliyo kabla ya lenzi, polepole, jicho kwenye spektromita. Mara nyingi harmoniki huongezeka ingawa nishati inapungua. Halafu sogeza fokasi milimita moja moja, iangukie kabla ya gesi kidogo. Shinikizo la gesi lirekebishwe mwisho.

Mwenye haja ya wimbi fupi kweli abadili leza, kwa sababu mtikiso hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Nanomita 1600, kwa ukali uleule, huifikisha agoni nanomita 13.5. Mwanga utapungua sana, ujiandae.

Kuna dhana nyingine mbili. Ya kwanza inahusu ombwe, nafasi iliyoondolewa hewa ambamo harmoniki husafiri: "Ombwe ni la kuzuia vumbi." Hapana. Mwanga wa nanomita 30 haumalizi milimita moja hewani, wala haupiti kioo cha aina yoyote.

Ya pili: "Doa kwenye kamera ni harmoniki." Huenda ni infraredi ya leza yenyewe inayopenya tundu la foili ya alumini iliyowekwa kuizuia, ambayo unene wake ni nanomita 200 tu. Funga gesi: doa likibaki, badilisha foili.