Mafuta ya Kula Kuganda Si Dalili ya Kuchakachuliwa

Kila msimu wa baridi unapoingia, malalamiko kuhusu mafuta ya kula kuganda huongezeka, hasa kutoka Nyanda za Juu Kusini, na walalamikaji wengi huwa wameshahukumu kwamba mafuta hayo yamechanganywa na nta. Hofu hiyo tunaielewa, kwa kuwa uchakachuaji upo; hata hivyo, kuganda peke yake hakuthibitishi lolote.

Mafuta na nta ni jamii za esta, yaani kemikali zinazoundwa asidi inapoungana na alkoholi, na kila esta huyeyuka kwa joto lake kulingana na asidi zilizoiunda. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi na ya mawese karibu 35, ilhali ya alizeti hubaki majimaji hadi takriban nyuzi 17 chini ya sifuri. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya nazi iliyokuwa majimaji Dar es Salaam, ikifika Makete asubuhi ya Julai, huwa nyeupe na ngumu. Ikiwekwa juani hurudi ilivyokuwa, na ubora wake haujapungua. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo donge linaloyeyukia kiganjani si nta.

Alizeti iliyokamuliwa kwa mashine ndogo za Singida na Dodoma huweza kuonyesha ukungu baridi ikizidi. Hiyo kweli ni nta, lakini imetoka kwenye ganda la mbegu yenyewe, na viwanda vikubwa huiondoa kwa kuyapoza mafuta na kuyachuja.

Wapo wanaoyaweka mafuta kwenye friji ili kuona kama yataganda, wakidhani hicho ni kipimo cha uchakachuaji. Tumeshasema mara nyingi, na tunarudia: friji si maabara. Mafuta ya soya yakichanganywa kwenye alizeti hayagandi humo, na mlaji huondoka ameridhika na bidhaa iliyochakachuliwa.

Mwenye shaka awasilishe maabara chupa ambayo haijafunguliwa, yenye lebo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na risiti inayoonyesha duka na siku ya ununuzi. Mafuta yaliyohamishiwa kwenye chupa ya maji hayafai kuwa ushahidi, kwani hayawezi kuhusishwa na mzalishaji yeyote. Kosa likithibitishwa chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, bidhaa huweza kuzuiwa sokoni na kuteketezwa, na mhusika kutozwa faini au kufungwa. Ndiyo maana maabara haiwezi kutoa matokeo kwa kutazama picha iliyotumwa kwa simu.